Mndimu wa Uani Usikatwe

Mke wangu Mwanaidi, huko Kilwa,

Nakusalimu kwanza, maana wanijua, nikianza maneno sikomi. Mguu wako umepoa? Watoto wazima? Mimi niko Bagamoyo, ila kukaa sikai. Nasema, mwalimu wa chuo cha Kurani ananiandikia, nami natoka mlangoni narudi. "Mzee, tulia, utamwaga wino!" Nitatuliaje? Alasiri hii tajiri wa msafara anataka kusikia baragumu langu. Nikishindwa, kazi ya kuongoza njia anapewa mpagazi mwenzangu Feruzi.

Kisa chenyewe, anayekusomea asicheke kabla yako. Kutoka Ujiji mpaka pwani nimekula ugali na nyama kavu tu. Wapagazi wakichuma mboga za porini, mchunga na mlenda, kambini, nawaambia, "Haya mbuzi wangu, malisho hayo!" Na ndimu, neno langu unalijua: zinamkata mwanamume nguvu.

Basi tumefika, mbuzi wote wana meno yao. Mimi, niliyempulizia simba baragumu akakimbia akasahau mkia, fizi zimevimba, zinatoka damu, meno yanacheza. Kupuliza, pembe ikalia mee! Kambi nzima: "Mzee, nani mbuzi leo?"

Bi Saada, mjane niliyepanga kwake, akanichungulia kinywani.

"Hujala mboga tangu lini?"

"Mimi mwanamume, bibi. Nalinda nguvu zangu."

"Pembe imekushinda kupuliza, mfupa umekushinda kutafuna. Nguvu zipi unalinda?"

Nikapokea sahani, mimi! Akanilisha mchicha, mapera, machungwa, na ndimu asubuhi na jioni. Siku chache damu ikapungua. Wiki ya pili natafuna muwa. Lakini kupuliza sijathubutu. Ngoja, naitwa.

Nimerudi. Sasa nimekaa, mwalimu shahidi. Nimepuliza, Mwanaidi, kuku wa mji mzima wameingia bandani mchana! Tajiri kaziba masikio: "Basi, mzee, kazi yako!" Jumatatu naondoka, mbele ya watu wote, na ndimu za chumvi mzigoni. Kambi ya kwanza nitainama kuchuma mchunga kabla yao. Wacheke.

Nisalimie mama yako, aliyekuwa akinisogezea sahani ya mchicha. Mwambie alisema kweli, ila umwambie mara moja tu. Nisalimie kaka yangu mkubwa, anayeogopa ndimu kama mimi. Mwambie ale, nguvu hazikatiki. Nikirudi utakuwa shahidi.

Na ule mndimu wa uani nilioapa kuukata, asiuguse mtu. Umwagilie.

Mimi mumeo,
Makame, mwenye meno yake