Matairi Mapana Uliyonifungia, Mama Mkwe

Kwako mama uliyemzaa Neema, mke wangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kuzungumza nawe bila shikamoo, na sitaanza leo.

Jana nilipita pale Mikumi, kwenye gereji yako ya matairi, nikaikumbuka siku ulipoyaona majani kwenye rimu ya gari langu. Ni lile la milango miwili, lenye injini kubwa, nililolinunua ili nishiriki mbio za magari Morogoro. Wewe ulizoea matairi ya malori. Madereva wenye mvi kukuzidi walikuita "Fundi" kwa heshima zote. Ulichuchumaa nyuma ya gari, ukachomoa unyasi mmoja.

"Mkwe, haya majani ya wapi?"

Nikababaika. Sikuwa nimemwambia mtu, hata Neema, kwamba asubuhi ile nikitoka Kilosa, gari liliteleza nyuma kwenye kona, likazunguka na kuishia porini, likitazama nilikotoka. Neema alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ulinisikiliza mpaka mwisho, hukupandisha sauti.

"Binti yangu nilimlea peke yangu baada ya baba yake kufariki," ulisema. "Sitaki na yeye alee peke yake. Acha gari hapa."

Mama mwingine angeniambia niliuze. Wewe ulilishughulikia siku mbili nzima. Ulinieleza kwamba injini ile inayasukuma magurudumu ya nyuma kwa nguvu nyingi kuliko matairi yale membamba yanavyoweza kushika lami. Ukatafuta mapana zaidi ya kufunga nyuma, na rimu za kuyatosha. Jozi ya kwanza ilipofungwa mimi niliridhika. Wewe ulijifunga kanga kiunoni, ukaingia uvunguni, ukatoka na vumbi usoni.

"Linagusa bodi kwa ndani. Kwenye kona litachanika."

Ukayafungua yote mawili, ukaanza upya. Sijawahi kumwona mtu anayeikataa kazi yake mwenyewe kwa utulivu namna ile.

Ulipomaliza ukanawa mikono, ukafungua mlango wa mbele, ukaketi. "Twende kwenye hiyo kona."

Mimi na mama mkwe, bega kwa bega ndani ya kigari kile! Jasho lilinitoka. Barabara ilikuwa tupu, nikaingia kwenye kona kwa mwendo. Nyuma ilishika barabara, haikuteleza hata kidogo, ila mbele gari likaanza kukataa kukata kona, likawa linakwenda moja kwa moja kuelekea majanini. Nikaondoa mguu kwenye mafuta, tukapona.

"Sasa nyuma imeshika, mbele ndiyo inakutoroka," ulisema, mkono bado umeng'ang'ania mlango. "Tairi peke yake halikufanyi dereva. Punguza mwendo kabla ya kona, kata, ukiona njia imenyooka ndipo ukanyage. Geuza, turudi."

Tulirudi mara sita. Mara ya saba gari likakata kona safi kabisa, limetulia, nami nikasikia sauti nisiyoijua. Ulikuwa unacheka, mama, ukipiga dashibodi kwa kiganja.

"Tena, mkwe! Tena!"

Morogoro nilishika nafasi ya tatu. Uliponiona nashuka mzima, uliuliza tu kama matairi yamelika sawasawa. Kisha ukageuka upande, na Neema akaniambia baadaye kwamba ulikuwa unafuta machozi.

Mtoto akazaliwa, ukampakata kabla yangu. Halafu ukaugua wiki tatu tu, ukaondoka.

Heshima ya ukwe ni nzuri, lakini iliniibia maneno. Niliinamisha macho mbele yako wakati nilitaka kukwambia kwamba sijapata kuona fundi kama wewe, na kwamba nilikupenda. Nakwambia leo.

Siku ya kukuzika, kwenu Masanze, nilisimama nyuma pamoja na wageni, kama inavyompasa mkwe. Ndugu zako walipokuwa wanainua jeneza, kaka yako mkubwa aligeuka, akanitafuta kwa macho.

"Wewe, umejificha nini huko? Njoo umbebe mama yako."

Nikaja. Nilikubeba upande wa kulia mpaka kaburini. Watu walijitokeza njiani kunipokea jeneza, nikakataa.

Pumzika, mama.

Mwanao