Maharage ya Kupimia Pumzi

Jumatatu, 6 Mei 1996
Nimerudi shule, nimebandika chungu, nimesahihisha madaftari ya darasa la nne. Baba Neema amelala tangu saa saba mchana. Anakoroma hadi majirani wanacheka. Kisha kimya. Kisha anashtuka kama mtu aliyekabwa, anavuta hewa, anaanza upya. Wao wanacheka mkoromo. Mimi nauogopa ule ukimya.

Siku ya tatu leo hajaendesha. Alisinzia kwenye usukani akipeleka maji kambi ya wakimbizi ya Benaco, gari likaingia mtaroni. Bahati hakuna aliyekufa. Mkuu wa magari kasema ni rubisi, ile pombe ya ndizi. Mume wangu hata kuonja haonji! Bila barua ya daktari kwamba ni ugonjwa, anafukuzwa kama mlevi.

Jumatano, 8 Mei
Jana alilazwa hospitali usiku mmoja achunguzwe. Leo daktari kasema pumzi ziko sawa, ni mzima, Jumatatu arudi barabarani. Nikamwuliza mume wangu: ulilala? Atalalaje, wodi imejaa, watoto wanalia, yeye kaegemea ukuta mpaka kumekucha. Sasa walipima nini? Walipima mtu aliye macho! Arudi kwenye barabara ile, imejaa watu na mizigo kichwani? Thubutu.

Alhamisi, 9 Mei
Nimepima mwenyewe. Nilikaa kando ya kitanda na saa yangu ya mkononi. Pumzi ikikatika zaidi ya sekunde kumi, punje moja ya harage ndani ya kikombe. Kwa saa nzima, punje ishirini na mbili. Nililia.

Nikaazima baiskeli, mbio kwa daktari. Hata kikombe hakukitazama. Mke si kipimo, kasema. Mke mwenye hofu husikia anachokiogopa. Nimechukia. Nimechukia zaidi kwa sababu huenda yuko sahihi.

Ijumaa, 10 Mei
Nahitaji sikio la pili. Mama mkwe hataki. Kwao hata ng'ombe hawahesabiwi, sembuse pumzi za mtu aliyelala. Eti nitamwitia kifo. Nikapiga magoti, shikamoo nyingine juu ya ile ya asubuhi. Mama, hutahesabu. Utadondosha punje tu. Kuhesabu nitahesabu mimi, na laana ije kwangu.

Akanitazama weee. "Una kichwa kigumu wewe. Lete hicho kikombe."

Jumamosi, 11 Mei
Mama haingii chumba cha mwanawe aliyeoa. Kumbe afadhali. Kakaa nje, mgongo kwenye ukuta wa udongo, chini ya kidirisha. Hanioni, simwoni. Mimi natazama kifua na saa, yeye anasikiliza tu. Saa hana. Pumzi ikikatika anataja taratibu majina ya wanawe na wajukuu. Wakiisha wote kabla hewa haijarudi, punje.

Yangu ishirini na moja. Yake kumi na tisa.

Haya, na huyu naye aliyasikia ya hofu yake? Huyu ambaye hakutaka hata kuanza!

Mama hakufurahi. Alikaa palepale ukutani. "Anakufa kidogo kidogo humo ndani, na sisi tulikuwa tunacheka." Nikakaa naye.

Jumatatu, 13 Mei
Tumemkuta daktari kabla hajavaa koti. Vikombe viwili mezani. Akaanza yaleyale. Mama akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akagoma kuondoka. Nami nikasema: mume wangu huyu hapa, kitanda chako kile pale, mlaze sasa hivi, uhesabu wewe.

Dakika tano tu, Baba Neema huyoo usingizini. Daktari kasimama na saa yake. Ukimya wa kwanza. Wa pili. Katika wa tatu alimtikisa bega, uso umembadilika.

Kasema huo bado si uchunguzi kamili, mashine ya kupimia usingizi yeye hajawahi hata kuigusa. Lakini ameandika: maradhi ya kukatika pumzi usingizini, si pombe, asiendeshe gari. Hakuomba radhi. Barua inanitosha.

Jumapili, 26 Mei
Wamempa kazi ya stoo. Hataki kuona gari lake likipita na dereva mwingine. Namwachia huzuni yake.

Ameambiwa alale ubavu. Pumzi bado hukatika, ila si sana. Leo baada ya ibada alijinyoosha mkekani, nami nikapitiwa kando yake. Wiki nyingi sijalala hivyo. Niliposhtuka jua lilikuwa limeshaondoka uani. Nikamshika kifua kabla sijafungua macho vizuri.

Kikapanda.