Kuvua, kwa V

Mjomba,

Niaje huko. Najua ungenikemea, "Hiyo ndiyo salamu ya mjombako?" Haya. Asalaam aleikum, Mjomba Idi, wewe uliyenikalisha ndani ya beseni mbele ya majirani.

Tangu tukuzike, fimbo yako ya kuvulia ilikuwa juu ya kabati, ile uliyoichomoa kwenye robota la mitumba Gikomba watu wakidhani ni antena. Kayaki ilikuwa kwa rafiki yako Baba Dogo, imefunikwa turubai. Sikuigusa. Mimi, mkali wa kurusha uzi Majengo nzima! Beseni ndilo lililonishinda.

Unakumbuka? Nilitaka kusimama kwenye kayaki nirushe kama wale wazungu wa kwenye simu yako. Nikatumbukia, nikala maji. Ukacheka mpaka kasia likakuponyoka. Kesho yake ukanipandisha kwenye paa la ploti yetu. "Kwenye kayaki unakaa chini, miguu mbele. Jifunze hivyo hivyo." Nikakaa kwenye beseni la mkeo, Anti Zuhura, taulo mapajani ili uzi usijisokote, nikarusha katikati ya kamba za nguo. Ndoano ikanasa buibui la jirani.

"Umevua mtu mzima," ukasema. "Inua mkono zaidi. Nzi wetu wa chambo ni unyoya wa kuku tu, hana uzito, uzi ndio unaombeba. Ukiurusha nyuma, ngoja unyooke. Ngoja!"

Mimi na kungoja, wapi na wapi.

Na ile meseji yangu: "Mjomba kesho twende kufua." Ukamsomea Anti, naye akanirundikia mashuka. Ikawa kila safari unaniuliza, "Samaki leo tunawafua na sabuni gani, profesa?"

Halafu kifua chako kikakataa. Asubuhi ile wazee walipokuwa wakikuosha, mimi ndiye niliyebeba maji. Kwa beseni lile. Nikirudi nalo lilikuwa jepesi, na... basi. Sikuweza kulikalia tena.

Juzi Anti akaniita. Bado anakaa eda, hatoki nje. Amekonda. "Mjomba wako alikuwa haingii humu bila ngege wangu wa kukaanga. Sasa nani ataniletea?" Nikamwambia habari ya beseni. Akaenda kulileta mwenyewe, akaliweka sakafuni katikati ya chumba.

"Limemhudumia mpaka mwisho. Kaa."

Nikakaa. Nikalia humo kama mtoto anayeogeshwa. Usimwambie mtu.

Leo nimetoka bwawani, na kayaki yako. Kasia nililifunga kamba, nikakaa chini, nikainua mkono, nikarusha. Uzi ukaenda nyuma yangu, ukanyooka polepole, nami nikaungoja. Hakuna aliyenipigia kelele. Maji kimya, Mjomba. Hapo ndipo nilipojua kwamba umekufa kweli.

Nimepata ngege mmoja. Mdogo, ila mtaani nimesema ni kama mkono wangu. Anti amemkaanga, akanipa kichwa, kile kilichokuwa fungu lako. Nimekila huku natazama ukuta.

Pumzika sasa. Eda ikiisha, Anti anataka kuona huko majini tulikuwa tunafuata nini. Nitamkalisha kwenye beseni lake, nimwambie angoje uzi unyooke, na ngege wake hatamkosa. Nakuahidi.

Nitamfundisha kuvua. Kwa V, tazama vizuri.

Mpwa wako,
Juma