Shikamoo Niliyoitoa Mahameni

Sepuka, Singida

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mguu wako umepoa na unaweza tena kuteremka mpaka mtoni. Ukiniuliza mimi, mwili ni mzima. Huku hakuna baridi ya Lushoto wala ukungu. Kuna upepo, majabali, na jua linalokausha hata mate. Mvua zimechelewa, na hilo ndilo lililoniletea makuu ninayotaka kukusimulia. Msomee na Baba, asije akayasikia kwa watu.

Kijiji ninachofanyia kazi ya ubwana shamba ni kipya. Watu wamehamishiwa hapa kutoka kwenye tembe zao, nyumba za udongo zenye paa bapa, zilizotawanyika porini, Waislamu na Wakristo pamoja, nyumba zikapangwa mistari. Mvua ilipokataa, wakakubaliana kusali wote siku moja, hawa upande huu, wale upande ule. Mzee Rajabu, mwenyekiti wetu, akaniuliza mbele ya watu, "Bwana shamba, wewe unasimama wapi?"

Mama, ningeweza kusema uongo mdogo. Nikasema, "Mzee, mimi sina dini. Salini, nami nitawangoja hapa."

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Tangu siku hiyo kijiji kilininyamazia. Wanawake kisimani walifunika ndoo nilipopita. Nikitoa mkono, mtu anautazama tu kama kitu kilichookotwa. Mama mwenye nyumba akaanza kuniwekea chakula nje, juu ya jiwe, kama anayelisha kitu asichotaka kukiona. Mkutanoni mtu mmoja akasema mvua haiwezi kuingia kijiji chenye mtu asiye na Mungu, na Mzee Rajabu hakumpinga.

Kisha ikaanza ile sauti.

Wachunga ng'ombe ndio walioisikia kwanza, mchana kweupe: mtu anasaga kwa jiwe mahameni, kule kwenye tembe walizoziacha, ambako hakai tena mtu. Wakasema wafu wameamka kwa sababu yangu. Mimi nikasema ni upepo. Nikaenda hadi ukingo wa mahame, nikaisikia kwa masikio yangu. Haikuwa upepo, Mama. Upepo hausimami kukusanya unga, kisha ukaendelea.

Aliyekubali kufuatana nami ni mmoja tu, Paulo, katekista. Njiani akasema, "Bwana shamba, mimi nitasali. Usinicheke."

"Sitakucheka. Na wewe usinilazimishe."

"Haya. Ila tangulia wewe."

Tembe zilikuwa zimebomolewa paa, milango imebaki wazi kama midomo ya watu waliokatizwa usemi. Ndani ya moja palikuwa na mafiga, na jivu limefagiwa vizuri. Tulipokanyaga ua, sauti ikakoma. Tukasimama. Ikaanza tena, nyuma yetu. Paulo alinishika shati huku midomo inamcheza, na sikuona haya kufurahi kwamba karibu yangu kuna mtu anasali.

Alikuwa mwanamke mzee, amepiga magoti kwenye jabali, ametupa mgongo, anasaga. Juu ya lile jiwe hapakuwa na nafaka, hata punje. Bila kugeuka akasema, "Mmechelewa. Wenzenu wameshaingia ndani."

Paulo alimtambua kwa sauti: Bibi Zaina, mama yake Mzee Rajabu. Alikuwa ameaga kwamba anakwenda Ihanja kwa binti yake, na kila mtu alijua yuko huko.

Nikachuchumaa mbele yake. Akanionyesha milango mitupu ya tembe, akaniuliza, "Unawaona?"

"Siwaoni, Bibi. Nakuona wewe."

"Rajabu huniambia anawaona, ili nile, ninyamaze." Akanitazama sana. "Wewe ndiye yule asiyesali?"

"Ndiye mimi."

"Basi msalimie mume wangu, twende." Akaonyesha kaburi, rundo la mawe kando ya zizi.

Nikamwambia siamini kwamba atanisikia.

"Sikukuuliza unaamini nini. Uko kwake. Mtu husalimiwa kwake."

Nikaenda. Nikavua kofia, nikasema, "Shikamoo, Mzee." Mama, sijabadilika, kwangu aliyekufa amekufa. Lakini upepo ulikata ghafla, nami nikabaki nimeinama, nangoja marahaba. Sijui nilingoja kwa muda gani. Paulo ndiye aliyenigusa bega.

Nikambeba Bibi mgongoni, mwepesi kama mzigo wa majani makavu. Mzee Rajabu alipotuona tunaingia kijijini alikuja mbio, akampokea, hakunisemesha. Lakini jioni chakula changu kililetwa ndani, na aliyekileta ni yeye. Tukala sinia moja.

"Sikubaliani nawe," akasema.

"Najua, Mzee."

Tukaendelea kula.

Bibi hakukaa sana. Alikuwa ameusia azikwe mahameni kwa mumewe, na kijiji kizima kikaenda, hata wale walioapa hawatakanyaga tena. Nilisimama mbali. Zamu yangu ya kutia udongo ilipofika, mzee mmoja wa msikitini akanizuia: "Asiye na dini asiguse udongo huu."

Mzee Rajabu akasema, machozi yanamtoka, "Huyu alimsalimia baba yangu. Mpisheni."

Wakanipisha. Walipoinua mikono kuomba dua, mimi niliiacha yangu ining'inie, na hakuna aliyeniambia kitu.

Mvua bado. Wapo wanaofunika ndoo hadi leo. Na wachunga ng'ombe wanasema bado kunasagwa kule. Nilimuuliza Paulo tufanyeje. Akanijibu, "Mimi nitasali, wewe utanyamaza, tutapita."

Likizo ikifika nitakuja, Mama. Jumapili nitawasindikiza mpaka mlangoni mwa kanisa, nikae nje na mtoto wa Dada Naomi ili mama yake apate kuimba kwaya. Msiniombe niingie, nami sitawaomba mbaki.

Nisalimie Dada Naomi na shemeji fundi seremala, Mjomba Yohana mwenye mashine ya kusaga, na Bibi yetu wa huko nyumbani, mwambie viazi vyake navikumbuka. Baba naye mpe shikamoo yangu, hata kama hatajibu.

Ni mimi uliyenizaa na kuniita Elia.