Nani Kamwambukiza Nani

Houefa, usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Majibu ya damu ya mwanangu Senami yametoka. Bakteria alio nao ni sugu, dawa zote tulizompa haziwawezi. Daktari anasema imebaki moja tu. Wameianza jioni hii.

Na mtoto wa kitanda cha pili anao walewale. Walewale, Houefa!

Ni mtoto wa Mama Bignon, yule muuza ugali wa akasa kutoka Bohicon. Nikienda kuoga, yeye humbeba Senami mgongoni. Akienda yeye, nambeba Bignon. Wodi nzima tunabebeana watoto.

Nesi akatufokea mbele ya watu: "Nyie kina mama, hapa ni sokoni? Kila mtu na wake!" Tukatengwa, vyumba viwili, kioo katikati.

Mama Bignon akaja kwenye kioo. "Mama Sena, nimekuulia mtoto?"

Hata machozi sina.

Akarudia. "Dada, nimekuulia mtoto?"

Houefa, swali hilohilo nilitaka kumuuliza yeye. Hakuna anayejua nani kaanza.

Nikamnyanyua Senami hadi kwenye kioo, ili Mama Bignon aone anavyopumua. Naye akaenda akamchukua Bignon, akamnyanyua.