Jina la Baba Ukutani

Apia, 9 Mei

Kaka Tavita mpendwa,

Kabla hujasoma zaidi, nakusihi: barua hii asiione mtu, hata mkeo. Ukimaliza, ichome. Natumai wewe na watoto hamjambo huko Auckland. Sisi afya tunayo, ila hofu imetuingia. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu sasa naiogopa.

Unaijua kazi yangu ya ukarani chuoni. Mwalimu anauliza swali, wanafunzi wanapiga kura kwa simu zao, nami nayarusha majibu ukutani. Watoto wetu hawanyooshi mkono mbele ya mwana wa chifu. Kwenye simu wanasema, maana kila mmoja hujipa jina la utani: Papa Kibogoyo, Mke wa Mchungaji. Huwa tunacheka.

Leo mwalimu aliuliza kama baraza la kijiji lina haki ya kufukuza familia. Akataka na maoni. Simu ya mdogo wetu Sina ilitumbukia baharini, kwa hiyo alibeba ya baba. Akasahau kuandika jina la utani, simu ikajijazia yenyewe jina la baba na cheo chake. Nikarusha bila kutazama. Ukuta mzima: "Hapana. Wazee huwafukuza wale wanaowaogopa. Chifu Leatuvao."

"Mzee Leatuvao kaanza lini mwaka wa kwanza?" mmoja akapaza sauti.

"Karo kalipa kwa nguruwe!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Fiti, mwana wa msemaji wa baraza letu, hakucheka. Alipiga picha.

Unakumbuka mwezi uliopita baraza lilifukuza familia ya Iakopo, na baba, naye akiwa barazani, alikaa kimya. Sasa wakiamini maneno ni yake, tutafukuzwa sote. Wakijua ni ya Sina, atafukuzwa peke yake, na ana miaka kumi na tisa. Baba bado hajui. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Lagi

Auckland, 14 Mei

Mdogo wangu Lagi,

Salamu nyingi. Huku wazima, baridi tu inatutesa. Barua nimeichoma.

Acha kutetemeka. Futa hayo maoni. Wakikuuliza, sema mashine imekosea. Wewe ndiye karani, nani atabisha? Baba naye ajifunike mkeka mwororo, apige magoti mbele ya nyumba ya msemaji kama desturi ya kuomba msamaha. Watamwinua, yataisha. Na Sina afunge mdomo. Ule mdomo naujua!

Kaka yako,
Tavita

Apia, 21 Mei

Kaka Tavita,

Natumai mmeamka salama. Hii pia ichome.

Nilifuta. Jumamosi baraza likaniita, likanionyesha ile picha ya Fiti, nikasema mashine imekosea. Sauti yangu mwenyewe sikuitambua. Sina alikuwa nje, anaanza kulia. Baba alimtazama mara moja tu.

"Mashine haikukosea," akasema. "Simu ni yangu, jina ni langu, maneno ni yangu."

Msemaji karibu acheke. "Leatuvao, ndugu yangu, wewe hata tochi ya hiyo simu huwezi kuiwasha! Lete mkeka, piga magoti, twende tukale."

"Mkeka ninao," baba akajibu. "Nitaulalia."

Hakupiga magoti. Tumeambiwa tuondoke kabla ya Jumapili. Njiani Sina alimuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa Iakopo nilinyamaza. Safari hii simu imenitangulia." Jana mchana mawe yalianza kuanguka juu ya bati letu. Mama anafunga vyombo. Bado hatujui tutalala wapi.

Usipige namba ya baba. Simu wameichukua. Usiandike chuoni, Fiti anapita ofisini kila siku na kunisalimia kwa upole unaonitisha. Andika kwa shangazi Moana, kwenye meza yake ya magimbi sokoni, bila jina langu juu ya bahasha. Ukimpigia, uliza kama magimbi yamefika. Akisema yamefika, subiri, nitaletwa kwenye simu. Akisema bado, kata simu, wala usitaje jina la mtu yeyote.

Mdogo wako