Mkopo wa Miaka Thelathini, kwa Mtu wa Sabini na Tatu

Jumamosi, jioni. Mvua iliyoanza alfajiri ilikatika asubuhi, na tangu hapo jua limekuwa la kiungwana, halichomi wala halijifichi. Mikono yangu ina rangi nyeupe hadi viwikoni. Wasomaji wachache wa ukurasa huu wataniwia radhi: leo sitaandika kwa upole niliouzoea.

Nimekasirika, na sina nia ya kutulia mapema.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mgane. Mke wangu Tabitha alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Naishi Saint Paul, ghorofa ya chini ya nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe ameamua kuiuza, nami natakiwa kuhama kabla ya mwisho wa Juni. Mwanangu Elia anaishi Lakeville na mkewe. Amenitengea chumba cha chini ya ardhi, chenye zulia jipya na televisheni iliyokipita kitanda kwa ukubwa. Ni mtoto mwema. Lakini kila anapokitaja chumba hicho, mimi husikia mlango ukifungwa taratibu.

Nataka nyumba yangu.

Si rahisi kwangu kuliandika neno hilo. Nilisoma shule ya misheni kule Njombe, ambako mtoto aliyesema “nataka” alirudishwa nje akaingie upya na kuomba vizuri.

Nilikuja nchi hii kusoma, nikaishia jeshini. Nilikuwa mpishi. Nimepika mayai jangwani, ndani ya hema, upepo ukinitilia mchanga katika sufuria kana kwamba nao ni kiungo. Kwa utumishi kama huo serikali ya hapa humdhamini askari mstaafu kwa benki, ili anunue nyumba bila malipo ya kianzio. Haki hiyo haichakai kwa umri. Sikuwahi kuitumia.

Si kwamba hatukujaribu. Miaka ile nyumba zilipokuwa zikigombewa, ikitangazwa Alhamisi imekwisha kuchukuliwa Jumapili, Tabitha nami tulizunguka na dalali mmoja mwenye viatu vya kung'aa. Siku ya kwanza alimgeukia Elia, aliyekuwa ametusindikiza, akamwuliza alitumikia kikosi gani. Elia hutengeneza kompyuta za hospitali. Hajawahi kushika bunduki hata ya kuchezea.

Tulishindwa kila mara. Mkopo wa askari huja na mkaguzi wake, naye hutazama paa, ngazi, rangi iliyobanduka, kila kitakachomdhuru mwenye kuhamia. Muuzaji mwenye wateja wamejaa uani hakuona sababu ya kumkaribisha mkaguzi huyo. Dalali akatushauri tuache kabisa kuutaja utumishi wangu. Tabitha alimjibu kwa Kiswahili, na namshukuru Mungu bwana yule hakuelewa.

Sasa mambo yamebadilika. Riba imepanda, vijana wanasita, na vibao vya kuuza vinakaa kwenye nyasi mpaka vinaanza kuinama. Wauzaji waliokuwa hawafungui mlango leo wanaweka biskuti mezani. Dalali wangu wa sasa ni binti wa Kikenya, Wambui, mwepesi wa maneno na wa miguu. Aliniambia mwezi uliopita, “Mzee, saa hii ndio time yako. Wanatuhitaji.”

Akanipeleka Coon Rapids kuona nyumba ndogo isiyo na ghorofa, ya zamani, yenye gereji ya mbao. Kwa desturi ya hapa muuzaji huondoka watu wanapokuja kutazama, lakini mwenye nyumba, Bibi Lois, alikuwa amerudi kumchukua paka wake. Ni mama wa rika langu, anahamia kwa dada yake kusini kwenye joto. Mbele yetu sote, dalali wake akiwa amesimama pale pale, alisema: “Rangi ya gereji imebanduka, na kishikio cha ngazi ya nyuma kinacheza. Nitaita fundi kabla mkaguzi hajaja. Ungependa hivyo?”

Nikasema, “Hapana mama, tafadhali usijisumbue. Nyumba iko vizuri sana.”

Kisha nikangoja.

Nilikuwa nangoja aniulize tena. Nilivyolelewa, kiti hukataliwa kwanza, na chai hukataliwa kwanza. Mwenyeji akishikilia ndipo mgeni hukaa na kunywa, na wote wawili wameheshimiana. Bibi Lois hakushikilia. Alisema, “Haya, sawa basi,” akaondoka na paka. Tulipoafikiana bei, dalali wake akaandika katika mkataba kwamba mnunuzi anaipokea nyumba kama ilivyo, nami nikatia sahihi, nikidhani ni adabu iliyowekwa kimaandishi.

Mkaguzi alikuja Jumatatu. Alisema rangi ile na kishikio kile visiporekebishwa, mkopo haupiti. Juzi dalali wa Bibi Lois akapiga simu: kuna mnunuzi mwingine mwenye fedha taslimu, hana mkopo wala mkaguzi. Tumepewa hadi Ijumaa ijayo.

Wambui alinipigia akiwa garini. “Mzee, kwani ulikataa aje? Mtu anakupea fundi wa bure, unasema hapana?”

“Nilitarajia aniulize mara ya pili.”

Nikasikia mlio wa taa ya kukatia kona. “Hawa hawaulizi mara ya pili, Mzee. Hapana ni hapana.”

Ndipo akaleta ushauri wake. Tuuache mkopo wa askari, tuchukue mkopo wa kawaida usio na mkaguzi mkali. Elia atoe kianzio, na jina lake liandikwe kwenye hati ya nyumba. Elia alikubali kabla sijamaliza kumweleza. Naamini alikubali kwa mapenzi. Lakini nilipokata simu niliona maisha yangu yote yajayo: nitakuwa mgeni mpole katika nyumba ya mwanangu, ama kule Lakeville ama Coon Rapids, na tofauti itakuwa ni umbali wa kuendesha gari tu.

Nilikesha na hasira. Sikuyapika mayai yale kwa niaba ya Elia. Sikupewa haki hii kama zawadi ya kufichwa mfukoni mbele ya watu wanaoona inawachelewesha. Nimeomba radhi katika nchi hii kwa lafudhi yangu, kwa jina langu refu, kwa kusimama foleni nikiwa mbele ya mtu mwenye haraka. Kwa mkopo huu siombi radhi kwa mtu yeyote.

Asubuhi nikampigia Elia simu, nikamwambia hivyo. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba nitakapomaliza kulipa nitakuwa na miaka mia moja na mitatu.

“Basi benki iniombee afya njema,” nikamwambia.

Hakucheka. Kisha nikamsikia akimrudia mkewe maneno hayo, na huko jikoni kwao wakacheka wote wawili.

Mvua ilipokatika nilitia garini skrepa ya kubandulia rangi, msasa, barakoa, brashi mbili na ndoo ya rangi, nikashika barabara ya kaskazini. Wambui amenikataza mara nyingi kuzungumza na muuzaji bila madalali. Nilivaa tai. Nilipofika mlangoni niliivua, nikaona nimekuwa kama mtu aliyekuja kudai, nikaivaa tena. Kisha nikagonga.

“Bibi Lois,” nikasema, “uliniuliza kama ningependa fundi. Jibu langu lilikuwa ndiyo. Nililitoa vibaya.”

Alinitazama, akaitazama tai, akaitazama ndoo.

“Nilitaka kukuuliza tena,” alisema. “Mama yangu angekuuliza mara tatu, na angekukasirikia kama ungekubali kabla ya hapo. Lakini dalali wangu aliniambia kwenye biashara mtu huulizwa mara moja.”

“Wangu naye amesema hivyo.”

“Basi hao wawili wauziane.”

Aliingia ndani kumpigia simu dalali wake. Kupitia dirisha la jikoni nilimsikia akieleza kwamba mnunuzi ana ruhusa yake ya kupaka rangi gereji, kwamba iandikwe leo, na kwamba hatatia sahihi kwa mtu mwingine yeyote kabla mkaguzi hajarudi. Upande wa pili uliongea kwa muda. Kisha yeye akasema, polepole sana, “Kevin, nyumba ni yangu.”

Alipotoka aliuliza kama amwite fundi.

“Wa kishikio, ndiyo,” nikasema, kwa haraka iliyonitia haya. “Rangi nitapaka mwenyewe.”

Nilikwaruza ukuta wa upande wa barabara, wa nyuma, kisha mmoja wa ubavuni, nikilowesha mbao ili vumbi la rangi ya kale lisiruke, na kila uliokauka juani nikaupaka. Magoti yalilalamika tangu mwanzo na sikuyasikiliza. Bibi Lois alileta kahawa. Niliipokea mara moja, naye akaonekana kushtuka kidogo.

Mchana Wambui alifika akiwa na uso wa mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Kevin alikuwa amempigia. Alizunguka gereji, akagusa msasa, akatazama chini ya paa.

“Mzee, wewe ni mtu mgumu, na unajifanya mpole,” alisema. “Unajua deal ikianguka utakuwa umempakia mtu gereji bure?”

“Basi itaanguka gereji ikiwa imepakwa vizuri.”

“Na tai yako imeingia kwa ndoo.”

Ni kweli, ilikuwa imeingia. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi ile yenye kishikio kinachocheza, nami nikamwomba ainuke kabla hajaongeza kazi ya fundi. Kisha akanishikia ngazi ya kupandia hadi nilipomaliza sehemu za juu.

Sasa niko nyumbani. Mkaguzi anarudi Jumatano. Sijui atasema nini. Anaweza kuona kosa jipya, ama bwana mwenye fedha taslimu akaongeza dau, na Bibi Lois ni binadamu kama wengine. Nimelitafakari hilo kwa utulivu wakati naosha brashi, na uamuzi wangu haukutikisika. Nyumba hii ikinipita, nitatafuta nyingine, Blaine au kokote, na mstari wa kwanza wa ombi langu utasema kwamba mnunuzi ni askari mstaafu.

Elia ametuma ujumbe. Anauliza kama lile zulia jipya ningelipenda la rangi ya kijivu au ya maziwa, maana bado linaweza kubadilishwa. Nimemjibu achague anayoipenda yeye, kwa kuwa ndiye atakayelikanyaga. Sijaandika “samahani” mwishoni. Kidole kiliisogelea herufi ya kwanza, nikakirudisha.

Ukuta mmoja umebaki, na sehemu yote inahitaji mkono wa pili wa rangi. Utabiri wa hali ya hewa unasema kutakuwa kukavu. Kesho ibada ikiisha, sitabaki kwenye chai.